Programu-jalizi, huduma ya nje au faharasa yako mwenyewe: njia nne za kuunganisha mfumo wa maudhui na akili mnemba

Mhariri akibonyeza kitufe cha kuchapisha, makala huonekana kwenye tovuti papo hapo, lakini kisanduku cha maswali kinachoendeshwa na akili mnemba huenda kikaendelea kujibu kwa maandishi ya wiki iliyopita. Taasisi nyingi huchagua njia ya kuunganisha mfumo wa maudhui (programu ya kuandika na kuchapisha, kama WordPress au Drupal) na kisanduku hicho kwa kutazama ni modeli ipi ya lugha inayoandika majibu yanayosomeka vizuri, ilhali modeli ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote kubadilishwa baadaye. Kilicho kigumu kubadilisha ni barabara inayotoka kwenye kitufe cha mhariri hadi kwenye faharasa inayotafutwa, yaani nakala ya maudhui iliyopangwa ili itafutwe haraka, kwa hiyo ulinganisho huu unaipima barabara hiyo kwanza na kuiacha modeli mwishoni.

Utaratibu unaotumika sasa karibu kila mahali, unaofahamika kwa kifupi kama RAG (retrieval-augmented generation), ulipewa jina hilo mwaka 2020 na watafiti wa Facebook AI Research pamoja na wenzao wa vyuo vikuu. Badala ya kutegemea yale ambayo modeli inayakumbuka, mfumo hutafuta kwanza vifungu vinavyohusiana na swali, huikabidhi modeli vifungu hivyo pamoja na swali lenyewe, kisha modeli huandika jibu kutokana na vilivyomo. Ili hilo liwezekane, makala hukatwa vipande, na kila kipande hugeuzwa kuwa vekta, yaani safu ndefu ya namba inayowakilisha maana yake, hivi kwamba vipande vyenye maana zinazokaribiana huwa na vekta zinazokaribiana pia.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne. Ya kwanza ni programu-jalizi inayowekwa ndani ya mfumo wenyewe, kama zile zinazopatikana kwa WordPress, au moduli ya AI ya Drupal yenye sehemu ya utafutaji inayoshirikiana na Search API, moduli ya utafutaji ya Drupal. Ya pili ni huduma ya nje inayopewa anwani ya tovuti, ikatambaa ukurasa kwa ukurasa kama zinavyofanya injini za utafutaji, kisha ikakupa msimbo mfupi wa kubandika kwenye kurasa zako. Ya tatu ni kujenga faharasa yako pembeni: programu yako husoma maudhui kupitia API (mlango ambao programu moja huutumia kuomba data kwa nyingine), huyakata, huyahifadhi katika hifadhidata ya PostgreSQL yenye kiendelezi cha pgvector kinachotunza vekta, au katika injini za utafutaji kama Elasticsearch, OpenSearch, Solr ama Qdrant, na kila hatua unaiamua wewe. Ya nne haina faharasa ya ziada. Modeli hupewa uwezo wa kuuliza mfumo wa maudhui moja kwa moja wakati swali linapoingia, mara nyingi kupitia MCP, itifaki ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024 ili modeli na vyanzo vya data viwe na namna moja ya kuwasiliana.

Kuna hali moja inayopaswa kuondolewa kwenye ushindani huu mapema. Tovuti yenye kurasa 40 au 60 fupi haihitaji njia yoyote kati ya hizi, kwa sababu modeli kadhaa sasa hupokea tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli huvisoma) 200,000 na zaidi kwa mara moja, na maandishi yote yanaweza kuambatishwa kwenye kila swali. Utalipia maandishi hayo kila anapouliza mtu, na utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli huitumia vibaya zaidi taarifa iliyo katikati ya maandishi marefu kuliko iliyo mwanzoni au mwishoni, lakini kwa tovuti ndogo hilo bado ni afadhali kuliko kuanzisha mfumo mzima wa kutunza.

Makala inapobadilika, na inapofutwa

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana zaidi, na hapa ndipo ningemwomba msomaji atumie muda wake mwingi kabla ya kuamua.

Programu-jalizi inaishi ndani ya mfumo, kwa hiyo husikia kila tukio. Katika WordPress, makala ikitoka hali ya kuchapishwa ikaenda kwenye pipa la taka, tukio liitwalo transition_post_status hutokea, na programu-jalizi iliyoandikwa vizuri huondoa vipande vya makala hiyo kwenye faharasa sekunde ileile. Huduma inayotambaa haina habari hiyo. Itajua mabadiliko siku itakaporudi, na ratiba ya kurudi huamuliwa na kiwango cha malipo ulichochagua. Tatizo huwa kubwa zaidi pale ukurasa uliofutwa unapoelekezwa kwenye ukurasa wa mwanzo badala ya kurudisha ujumbe wa 404 usemao kwamba ukurasa haupo, kwani mtambazaji huona kwamba anwani bado inajibu na huenda asiufute ukurasa ule kwenye kumbukumbu yake.

Wanaojenga faharasa yao wenyewe hukutana na mtego ambao unastahili kuelezwa kwa karibu. API ya REST ya WordPress, iliyoingizwa kwenye kiini cha mfumo katika toleo la 4.7 la Desemba 2016, ina kigezo cha modified_after kilichoongezwa katika toleo la 5.7 la mwaka 2021, ambacho hukupa makala zote zilizobadilishwa tangu saa fulani. Mhandisi hukitumia kila baada ya dakika tano, huona mabadiliko yakiingia, huridhika. Lakini makala iliyofutwa haimo katika orodha ya makala zilizobadilika, haipo tu. API haisemi lolote kuihusu, faharasa haiambiwi chochote, na vipande vyake hubaki humo miezi na miezi vikiendelea kutolewa kama majibu. Dawa yake ni kuchukua orodha kamili ya vitambulisho vya makala kila usiku na kuilinganisha na faharasa. Kwa kuwa API hiyo hutoa makala zisizozidi 100 kwa ombi moja, tovuti ya makala 10,000 itahitaji maombi 100, kazi ndogo kabisa kwa seva ya kawaida. Mifumo mingine ya maudhui kama Contentful na Strapi hurahisisha jambo hili kwa kutuma taarifa tofauti ya kuchapisha, ya kuondoa hadharani na ya kufuta, ingawa taarifa iliyotumwa wakati seva yako imezimika inaweza kupotea, kwa hiyo ulinganisho wa usiku bado unahitajika.

Njia ya nne haina mtego huu hata kidogo. Kinachosomwa ni kile kilichopo sasa hivi, na hii ndiyo nguvu yake kubwa.

Uzito wa suala hili ulionekana Kanada mwezi Februari 2024, pale baraza la usuluhishi wa madai ya kiraia la British Columbia lilipoamua kesi ya abiria aliyekuwa ameelezwa na roboti ya mazungumzo ya Air Canada kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli ya msiba baada ya safari, wakati ukurasa wa masharti kwenye tovuti ileile ulisema vingine. Kampuni ilijaribu kujitenga na maneno ya roboti hiyo, baraza likakataa, na ikaamriwa imlipe abiria. Tovuti yako ikisema jambo moja na kisanduku chake cha maswali kikasema jingine, mwenye tovuti ndiye atakayeulizwa.

Nani aruhusiwe kuona nini

Ikiwa maudhui yako yote ni ya hadhara, pitia sehemu hii haraka. Ikiwa una kurasa za wanachama, za wafanyakazi au za wateja waliolipia, sehemu hii inaweza kukuamulia kila kitu.

Huduma inayotambaa huona yale tu ambayo mgeni yeyote angeyaona, na kwa maana hiyo ni salama. Hatari huanza pale inapopewa akaunti ili isome kurasa zilizofungwa, kwa sababu mara nyingi kila ilichokisoma huingia kwenye faharasa moja inayomjibu kila mtu. Programu-jalizi ina hatari ya upande wa pili: inafanya kazi ndani ya mfumo ikiwa na haki zote, kwa hiyo isipopangwa vizuri huweza kusoma rasimu, makala za faragha na zile zenye nywila. Kabla ya kuinunua, andika rasimu yenye neno la kubuni lisilopatikana popote pengine, kisha uliza swali lenye neno hilo ukiwa umetoka kwenye akaunti yako. Jibu litakuonyesha mengi kuliko ukurasa wa maelezo ya bidhaa.

Katika faharasa yako mwenyewe, kila kipande kinapaswa kubeba alama ya makundi yanayoruhusiwa kukiona, na mchujo ufanyike kwenye utafutaji wenyewe, kabla kipande hakijaifikia modeli. Nimeona mifumo ambayo modeli hukabidhiwa kila kitu na kuandikiwa agizo kwamba isimwambie mtumiaji yale yasiyomhusu. Agizo la namna hiyo halizuii chochote, kwa kuwa mwenye subira huuliza kwa maneno mengine hadi apate. Njia ya nne inaweza kuwa bora kuliko zote hapa iwapo swali linapelekwa kwa utambulisho wa mtumiaji mwenyewe: JSON:API, njia ya programu kusoma maudhui ya Drupal ambayo imo ndani ya kiini chake tangu toleo la 8.7 la mwaka 2019, hukagua haki za ufikiaji kwa kila ombi. Kwa bahati mbaya wengi huunganisha kwa ufunguo mmoja wa msimamizi, na hapo ulinzi huo wote huwa umetupwa.

Kuna jambo jingine linaloambatana na hili. Tangu mwaka 2022 limejulikana sana shambulio ambalo mtu hupachika maagizo ndani ya maandishi yatakayosomwa na modeli, kwa mfano katika maoni chini ya makala, ili modeli iyafuate kana kwamba yametoka kwa mwenye mfumo. Usiyaingize maoni ya wasomaji kwenye faharasa bila sababu nzito, na kwa njia ya nne usitoe haki ya kuandika wala kufuta, kusoma kunatosha.

Kipande kilichopoteza kichwa chake

Chukua makala ya masharti ya kurejesha bidhaa. Ina kichwa kidogo kisemacho «Vifaa vya umeme», na chini yake sentensi isemayo: «Ni siku 14, isipokuwa kifungashio kimefunguliwa.» Mfumo ukikata maandishi kwa kuhesabu herufi tu, sentensi hiyo inaweza kuangukia kipande kisicho na kichwa, na hakuna modeli, hata iwe bora kiasi gani, itakayojua siku hizo 14 ni za nini. Kipande kizuri hubeba jina la makala, kichwa kidogo, tarehe ya mabadiliko ya mwisho na kiungo, halafu ndipo maandishi yenyewe yafuate.

API hukupa sehemu hizo zikiwa zimetengana, kwa hiyo programu-jalizi na faharasa ya kujijengea huanza zikiwa mbele. Mtambazaji hupokea ukurasa mzima wa HTML pamoja na menyu, matangazo ya makala nyingine na maandishi ya chini ya ukurasa, na ni lazima akisie kipi ni kiini. Hata hivyo upo upande ambao mtambazaji hushinda: sehemu maalumu ambazo wasimamizi huziongeza katika WordPress hazionekani kwenye API ya REST mpaka zisajiliwe zionekane. Jedwali la vipimo linaloonekana wazi kwa msomaji linaweza kuwa halimo kabisa katika yale unayoyasoma kupitia API. Linganisha kurasa tano za aina tofauti kwa macho yako mwenyewe kabla ya kuamini kwamba umechukua kila kitu.

Maneno, maana, na Kiswahili

Utafutaji wa maneno, ambao kanuni yake inayotumika zaidi ni BM25 iliyokuzwa katika chuo kikuu cha City jijini London miaka ya 1990, hupima ni maneno gani ya swali yamo kwenye kifungu na ni adimu kiasi gani. Kwa Kiingereza, injini hukata mwisho wa neno ili kupata shina. Kiswahili hubadilika mwanzoni na mwishoni pia: mtu huuliza «nitarudishiwaje fedha nilizolipa», na ukurasa husema «marejesho ya malipo». Hakuna neno hata moja linalofanana. Lucene, maktaba ya programu za utafutaji ambayo ndiyo msingi wa Elasticsearch, OpenSearch na Solr, haina kichambuzi cha Kiswahili miongoni mwa vile inavyokuja navyo, na PostgreSQL nayo haina kamusi ya mashina ya Kiswahili. Mwenye tovuti ya Kiswahili akitegemea maneno peke yake ataambiwa kila mara kwamba jibu halipo.

Utafutaji wa maana huziba pengo hilo, mradi modeli ya vekta iwe imefunzwa kwa lugha nyingi. Mbili zinazopatikana bure ni multilingual-e5-large na BGE-M3, na zote hutoa vekta za namba 1,024. Tofauti yao ina uzito: ya kwanza husoma tokeni 512 tu na maandishi yanayozidi hapo hukatwa, ilhali ya pili hufika 8,192. Maandishi ya Kiswahili mara nyingi hugawanywa katika tokeni nyingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile, kwa hiyo kipande kinachoonekana kifupi kwa jicho kinaweza kuwa kimepoteza mkia wake. Zaidi ya hapo, multilingual-e5-large hutaka swali litanguliwe na alama «query:» na kifungu kitanguliwe na «passage:», na anayesahau alama hizo hupata matokeo dhaifu bila kuona ujumbe wowote wa hitilafu.

Maana nayo ina udhaifu wake. Fomu TX-417 na fomu TX-471 zina vekta zinazokaribiana mno, na anayeuliza moja anaweza kupewa nyingine, kosa ambalo utafutaji wa maneno haulifanyi. Ndiyo sababu ninapendekeza utafutaji mseto, ambamo orodha mbili huunganishwa kwa kanuni rahisi iliyochapishwa mwaka 2009: kila kifungu hupata alama ya 1 ikigawanywa kwa jumla ya 60 na nafasi yake katika orodha, kisha alama za orodha zote mbili hujumlishwa. Kifungu kilichoshika nafasi ya 1 kwa maneno na ya 3 kwa maana hupata takriban 0.032, karibu mara mbili ya kifungu kilichoshika nafasi ya 2 katika orodha moja tu.

Faharasa ya kujijengea hukuruhusu kufanya haya yote. Programu-jalizi nyingi hukupa modeli ya vekta zilizoichagua zenyewe, na huduma za nje mara nyingi hazikutajii hata jina lake, kwa hiyo uliza waziwazi kabla ya kutia saini kama Kiswahili kimepimwa. Njia ya nne hutegemea utafutaji uliokuwepo. Ule wa kawaida wa WordPress hulinganisha herufi ndani ya hifadhidata kwa amri ya LIKE, jambo ambalo kwa Kiswahili lina faida isiyotarajiwa, kwa kuwa «lipa» hupatikana ndani ya «nilizolipa» na «kulipa», ingawa «malipo» hukosekana. Modeli nzuri hujaribu tena kwa «malipo», kisha «marejesho», na mwishowe hufika, lakini kila jaribio huongeza sekunde ambazo msomaji anazisubiri.

Kazi na gharama

Ukubwa wa faharasa huwatisha watu bure. Makala 10,000 zikikatwa vipande vitano vitano hutoa vekta 50,000. Vekta ya namba 1,024 huchukua baiti 4,096, kwa hiyo vekta zote ni kama megabaiti 205, kiasi ambacho seva ndogo hukibeba. Gharama halisi ya njia ya tatu ni mtu: lazima awepo anayejua kwa nini kazi ya usiku ilikwama, na atakayeunda vekta zote upya siku modeli ya vekta itakapobadilishwa, kwani vekta za modeli mbili tofauti hazilinganishiki hata kama zina urefu sawa. Programu-jalizi hupunguza kazi hiyo, ila huongeza mzigo kwenye seva ileile inayohudumia wasomaji. Huduma ya nje huondoa karibu kazi yote, na badala yake hukuachia ada ya kila mwezi na swali la jinsi utakavyohama.

Namna ya kuamua

Kwa tovuti ya hadhara inayoendeshwa na mhariri mmoja au wawili wasio na mhandisi, ningechukua programu-jalizi, na kama mfumo hauna inayofaa, huduma ya nje inayokubali kuarifiwa mabadiliko kupitia API badala ya kungoja ratiba yake. Kwa taasisi yenye maudhui ya ngazi mbalimbali za ruhusa, au yenye maudhui mengi ya Kiswahili, faharasa ya kujijengea ndiyo inayostahili jasho lake, na wenye Drupal wanaweza kuifikia kwa hatua fupi zaidi kupitia Search API. Njia ya nne naipa nafasi ya kwanza kwa wafanyakazi wa ndani: wahariri wanaouliza ni makala zipi zinataja sheria iliyobadilika, watu wanaoweza kuvumilia sekunde kumi na wanaohitaji hali ya sasa hivi. Kwa wasomaji wa nje ningeisubirisha mpaka utafutaji wa mfumo wenyewe uwe mzuri.

Chochote utakachoelekea, kipime kabla ya kulipa. Kusanya maswali 50 ambayo watu wameyauliza kweli, kutoka kwenye kumbukumbu ya utafutaji wa tovuti au barua zao, na kando ya kila swali andika ukurasa wenye jibu. Ongeza maswali 10 ambayo tovuti yako haina majibu yake, ili uone kama mfumo utakubali kusema haujui. Kwanza hesabu ni mara ngapi ukurasa sahihi umo katika vifungu vitano vya mwanzo, kisha kwa hesabu ya pekee angalia kama jibu lililoandikwa ni sahihi, kwa sababu makosa ya hatua ya kwanza hayatibiwi kwa kubadilisha modeli ya lugha. Halafu badilisha tarehe katika makala moja, futa makala nyingine kabisa, na uulize kuhusu zote mbili baada ya dakika tano, baada ya saa moja na baada ya saa 24. Njia ambayo kesho yake bado inanukuu makala iliyofutwa, mimi huiondoa kwenye orodha hata kama majibu yake mengine yote yanapendeza.